Fizi Zikitoka Damu, Usiache Mswaki

Siku moja kwenye kliniki ya kisukari alikuja mama wa makamo ambaye sukari yake ilikuwa haishuki. Dawa alikuwa anameza, chai anakunywa bila sukari, na ugali ameupunguza. Nilipomwomba afungue kinywa, niliona fizi nyekundu zilizovimba na meno mawili ya mbele yanacheza. Nikamwuliza, "Mama, unapiga mswaki?" Akajibu, "Niliacha tangu mwaka jana, Sista. Kila nikisugua damu inatoka, nikaona nisitoneshe kidonda."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, kwa wazee na kwa vijana. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya fizi.

Damu hiyo inatoka wapi?

Kinywani mwa kila mtu vimo vijidudu vingi. Hujishikiza kwenye meno na kufanya utando laini uitwao ukoga. Ukoga usiposuguliwa, kwa siku chache huanza kuwa mgumu kama chokaa, nao ndio ugaga. Uchafu huo ukikaa kwenye mpaka wa jino na fizi, fizi huvimba na kutoka damu kwa urahisi. Mswaki unatuonyesha tu ugonjwa ambao tayari upo. Anayeacha kusugua anaulea. Polepole fizi huachana na jino, na mfupa unaolishika hulika, mara nyingi bila maumivu, mpaka jino linalegea.

Kinywa si kitu cha peke yake

Fizi iliyovimba ni kidonda. Kingekuwa mguuni, ungekwenda zahanati. Kwa kuwa kimejificha kinywani, tunakizoea. Lakini kupitia hapo vijidudu huingia kwenye damu.

Kwa mwenye kisukari, sukari nyingi huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kutawala. Kwa mtu ambaye valvu za moyo wake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, vijidudu vya kinywani vinaweza kushika kwenye valvu hizo na kuhatarisha maisha. Huyo amweleze mtaalamu wa meno habari za moyo wake kabla ya kung'olewa jino.

Mama mjamzito fizi zake huvimba upesi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Wapo wanaosema kila mimba huondoka na jino. Si kweli: mtoto hachukui madini kwenye meno ya mama yake. Mama asafishe meno, na akiumwa atibiwe mapema.

Tusiwasahau wagonjwa wa kitandani. Uchafu wa kinywa ukiingia mapafuni huleta nimonia. Wasafishwe kinywa kila siku, na meno ya bandia yatolewe na kuoshwa.

Tufanye nini nyumbani?

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dakika 2. Tumia mswaki laini na dawa yenye floridi. Sugua taratibu kwenye mpaka wa jino na fizi, nje na ndani. Damu ikitoka, endelea. Fizi zilizoanza tu kuvimba huanza kupona kwa wiki 1 au 2. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki menoni.

2. Mswaki wa mti husafisha pia, ukitafunwa mpaka ncha iwe laini na ukafika meno ya nyuma. Mkaa na mchanga hukwaruza meno, tuviache.

3. Kila mtu awe na mswaki wake, na aubadilishe kila baada ya miezi 3, au mapema nywele zake zikitawanyika.

4. Mtoto aanze jino la kwanza linapoota. Chini ya miaka 3 dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Mzazi amsaidie mpaka afike miaka 7 hivi.

5. Ugaga hautoki kwa mswaki. Nenda kwa mtaalamu wa meno akuondolee. Tumbaku nayo huharibu fizi, iacheni.

Usingoje asubuhi

Shavu au shingo chini ya taya ikivimba, na mgonjwa ana homa, anashindwa kumeza au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na fizi zikiendelea kutoka damu zaidi ya wiki 2 ingawa unasugua vizuri, nenda ukapimwe.

Mama yule aliondolewa ugaga na kufundishwa kusugua. Jino moja halikuokoka. Lakini aliporudi baada ya miezi 3, fizi zilikuwa zimetulia na sukari imeanza kushuka, maana dawa zake hakuziacha. Alisema sasa hupiga mswaki pamoja na wajukuu.

Nawe usiku wa leo, kabla ya kulala, liangalie povu unalolitema. Likiwa na wekundu, usiuweke mswaki chini.