Sukari na Saratani: Ukweli wa Kauli Inayovuma Mitaani

Kauli kwamba "sukari hulisha saratani" imeenea barazani na katika simu za mkononi, na huifikia haraka zaidi nyumba ambayo tayari ina mgonjwa. Jamaa huanza kwa kumwondolea chai ya sukari, kisha matunda, kisha wali na mkate, hadi anabakiwa na vyakula vichache visivyomtosha. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ikifuatwa kama ilivyo inaweza kumdhoofisha mtu anayehitaji nguvu za kuhimili matibabu.

Asili yake ni ya kisayansi. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg alibaini kuwa seli za saratani huchukua glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu, kwa wingi kuliko seli nyingi za kawaida. Ubainifu huo unatumika hospitalini hadi leo: katika kipimo cha PET, mgonjwa hudungwa dawa inayofanana na glukosi, iliyotiwa kiasi kidogo cha mionzi, na sehemu zinazoivuta kwa wingi hung'ara katika picha. Si ajabu, basi, kwamba wengi huamini kuwa kukata sukari ni kuunyima ugonjwa chakula chake.

Mwili, hata hivyo, haufanyi kazi hivyo. Ubongo na chembe nyekundu za damu hutegemea glukosi, na kwa sababu hiyo mwili hauachi kiwango chake kishuke ovyo. Mtu asipoonja kitu kitamu hata kimoja, wali, muhogo na ndizi alizokula zitasagwa kuwa glukosi. Akiacha na hivyo, ini litaitengeneza kutokana na akiba yake na protini za misuli. Uvimbe utaendelea kupata glukosi. Atakayekonda ni mgonjwa. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kuacha sukari huponya saratani au huweza kushika nafasi ya upasuaji, dawa au mionzi.

Njia inayoiunganisha sukari na saratani ni ndefu zaidi, nayo hupitia kwenye uzito wa mwili. Sukari inayozidi mahitaji hugeuzwa mafuta. Mafuta yanapokithiri, insulini hupanda katika damu, na homoni hiyo ni miongoni mwa zinazoziamrisha seli kukua na kugawanyika. Aidha, kwa wanawake waliokoma hedhi, tishu za mafuta huzalisha estrojeni, ambayo huchochea aina nyingi za saratani ya matiti. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihitimisha kuwa unene uliopindukia unahusiana na aina 13 za saratani, zikiwemo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo na mji wa mimba.

Vinywaji ndivyo vinavyotiliwa mashaka zaidi. Utafiti uliofanyika Ufaransa kwa watu wazima zaidi ya 100,000 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa kila ongezeko la mililita 100 za vinywaji vyenye sukari kwa siku liliambatana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya saratani. Utafiti wa aina hiyo huonesha uhusiano, hauthibitishi kisababishi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na takriban gramu 50 au vijiko 12 vya chai; ikiwa chini ya gramu 25, ni bora zaidi. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu, tayari ni vijiko tisa, kabla ya mtu kufika Forodhani jioni na kuagiza juisi ya miwa. Chungwa zima halimo katika hesabu hiyo, kwani utamu wake huja pamoja na nyuzinyuzi. Haluwa ya sikukuu nayo haina haja ya kuogopwa. Kinachozidisha hesabu ni kile kinywewacho kila siku bila kuhesabiwa.

Wala si kila saratani inahusika. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania, husababishwa na virusi vya HPV. Kinga yake ni chanjo, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, pamoja na uchunguzi wa mapema. Kuacha sukari hakusaidii chochote hapo.

Kwa mgonjwa aliyekwishaanza tiba, iwe Mnazi Mmoja au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hesabu hubadilika. Dawa na mionzi huweza kuleta kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na mgonjwa aliyepungua sana huenda akaahirishiwa tiba. Uji ulioungwa kwa karanga, maziwa na sukari kidogo unaweza kuwa ndio mlo pekee anaoumudu siku hiyo. Mwenye kisukari pia hupangiwa chakula chake na daktari anayemtibu, na jamaa anayetaka kumwondolea chochote anapaswa kumuuliza daktari huyo kwanza.