Protini-Kiunzi na Utiaji Alama wa Uharibifu katika Seli: Ufafanuzi kutoka Nchi ya Majani Chai

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili alisikiapo neno "kiunzi", aghalabu hufikiria sehemu ile ya tasnifu anapotakiwa kutaja kiunzi cha nadharia. Kiunzi hicho hakikusanyi data wala hakiandiki hitimisho. Hata hivyo, kisipokuwapo, data na hoja hazikutani. Makala haya yanadhamiria kufafanua kiunzi cha aina nyingine, kilichomo ndani ya seli za viumbe, ambacho kazi yake inafanana kwa kiasi kikubwa na hicho tukijuacho. Tutakiita protini-kiunzi.

Ufafanuzi wetu utaegemea maeneo ya Kericho na Bomet kwa sababu mbili. Kwanza, mmea unaotawala uchumi wa huko, yaani mchai, hukua kwa kuongozwa na viunzi hivi. Pili, wakazi wa mashamba makubwa ya huko wamewahi kushiriki katika utafiti wa ugonjwa ambao virusi vyake hukiteka kiunzi cha seli ya binadamu. Wakazi hao hutoka katika jamii mbalimbali, wakiwemo Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya, na lugha inayowaunganisha kazini ni Kiswahili. Swali la iwapo Kiswahili kinaweza kuyaeleza mambo haya, basi, si la darasani pekee.

Kwa nini seli huharibu protini zake

Seli ni karakana ndogo. Protini ndizo zana na vilevile ndizo wafanyakazi wake: nyingine hujenga, nyingine husafirisha, nyingine huamuru jeni fulani ifanye kazi au inyamaze. Lakini amri iliyofaa asubuhi huenda isifae jioni. Protini inayoiambia seli igawanyike, mathalani, ikibaki baada ya muda wake, seli itaendelea kugawanyika bila kikomo, na huo ndio mwanzo wa saratani. Kwa hiyo seli yenye afya hulazimika kuharibu protini sawa na inavyolazimika kuziunda.

Uharibifu huu haufanywi kiholela. Protini iliyohukumiwa hutiwa alama, nayo alama yenyewe ni protini ndogo yenye asidi amino 76, iitwayo ubikwitini. Ubikwitini kadhaa huunganishwa na kuwa mnyororo. Mnyororo huo unapofika urefu wa kutosha, hutambuliwa na protiasomu, chombo chenye umbo la pipa ambacho huikatakata protini ile vipande vidogo. Asidi amino zake hutumika tena, na ubikwitini nazo hubanduliwa zikatumike kwingine. Kwa kuugundua utaratibu huu, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Alama hupita mikono mitatu. Kimeng'enya cha kwanza huiamsha ubikwitini, cha pili huibeba, na cha tatu huikutanisha na protini inayostahili kuharibiwa. Binadamu ana vimeng'enya viwili tu vya hatua ya kwanza na makumi kadhaa vya hatua ya pili, lakini vya hatua ya tatu ni mamia. Sababu yake ni wazi. Kubeba alama ni kazi moja, ilhali kumtambua anayestahili alama ni kazi ya kila kesi kivyake.

Kulini: kiunzi chenyewe

Miongoni mwa vimeng'enya vya hatua ya tatu, kundi kubwa kabisa ni lile lililojengwa juu ya protini ziitwazo kulini. Ili kuielewa kazi ya kulini, na tukitazame kituo cha kununulia majani chai katika kijiji chochote cha Bomet. Mkulima hufika na majani aliyoyachuma, akayamwaga juu ya meza. Majani yaliyokomaa kupita kiasi hutengwa, na yaliyo mazuri hupimwa na karani. Meza ile haichagui wala haipimi. Iondoe, na majani, mkaguzi na karani watakuwepo wote pale kituoni lakini kazi haitafanyika kwa utaratibu.

Kulini ni meza hiyo. Ni protini ndefu iliyopinda kidogo. Katika ncha yake moja hushikilia protini-kiungo, na kiungo hicho hushikilia protini-mtambuzi, ambayo ndiyo mkaguzi anayeijua sura ya mshtakiwa. Katika ncha ya pili hushikilia protini ndogo inayompokea mbeba ubikwitini. Hivyo mshtakiwa na alama yake huletwa karibu, kila mmoja akiwa upande wake, kwa umbali unaofaa.

Mwaka 2002 wanasayansi walichapisha picha ya umbo la kiunzi hiki, wakaonyesha jambo la kuvutia. Walipotengeneza kulini iliyolegezwa katikati ili iweze kupindika ovyo, sehemu zake zote zilikuwapo, lakini katika jaribio la maabara mnyororo wa ubikwitini haukujengeka. Ukakamavu wa kiunzi ni sehemu ya kazi yake. Figa moja haliinjiki chungu, wahenga walinena. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata mafiga matatu hayatainjika chungu yakiwa yanatikisika.

Faida nyingine ya mpangilio huu ni uwekevu. Kulini zenyewe ni chache: kwa binadamu hazizidi kumi. Lakini kila moja yaweza kubadilisha watambuzi wake, sawa na meza moja inavyoweza kutumiwa na wakaguzi wengi kwa zamu. Kwa njia hiyo, viunzi vichache hutosha kuongoza uharibifu wa maelfu ya protini.

Mfano wetu una kikomo chake. Jani lililokataliwa kituoni halina kosa lolote la siri. Sura yake inaonekana. Protini nyingi, kinyume chake, hazitambuliwi mpaka zibadilishwe kidogo kikemikali, au mpaka kitu cha tatu kije kizigandishe na mtambuzi. Kitu hicho cha tatu ndicho kitakachotupeleka shambani.

Mchai na mkono wa mchumaji

Mchai ukiachwa bila kukatwa huwa mti mrefu. Mkulima huufanya kichaka kifupi chenye uso sawa kwa kuupogoa kila baada ya miaka michache, na kwa kuchuma majani mawili na chipukizi kila baada ya wiki moja au mbili. Kila mchumaji anajua kwamba kuondoa ncha hufanya macho ya kando, yaliyokuwa yamelala, yachipue. Kwa nini yalilala?

Chipukizi la juu hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani. Mwaka 2005 ilibainika kwamba oksini hupokewa na protini-mtambuzi iliyoshikiliwa na kiunzi cha kulini. Miaka miwili baadaye picha ya umbo lake ilionyesha kwamba oksini hufanya kazi kama gundi: huingia katika kishimo cha mtambuzi na kuigandisha hapo protini ambayo kwa kawaida huzuia jeni fulani zisifanye kazi. Kizuizi kikishatiwa alama na kuharibiwa, jeni zile hufunguka. Amri ya kukua, kwa maneno mengine, hutolewa kwa kumwondoa anayezuia.

Oksini haiyalazi macho ya kando moja kwa moja. Huchochea utengenezaji wa homoni nyingine, strigolaktoni, ambayo nayo hutumia mtambuzi wake juu ya kiunzi cha kulini kuharibu protini ambazo zingeyaruhusu macho hayo kuchipua. Ncha inapochumwa, chanzo cha oksini huondoka, sukari iliyokuwa ikielekea juu hugeukia kando, na macho huamka. Utaratibu huu umechunguzwa zaidi katika mimea ya maabara na nafaka kama mpunga kuliko katika mchai, lakini sehemu zake za msingi ni za mimea yote itoayo maua. Mkono wa mchumaji, kwa hiyo, hufanya zaidi ya kuvuna. Huamua ni protini zipi zitakazosalia ndani ya seli za kichaka.

Hali kadhalika kuna suala la rangi. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa majani chai iliyoko Kericho, ambayo baadaye iliwekwa chini ya KALRO, iliwatolea wakulima aina ya mchai iitwayo TRFK 306, yenye majani ya zambarau. Zambarau hiyo ni anthosiani. Katika mimea kwa jumla, utengenezaji wa anthosiani huchochewa na mwanga, na gizani huzuiwa na kundi la protini linaloketi juu ya kulini 4, ambalo hutia alama protini zinazoziamsha jeni za rangi. Mwanga ukifika, kundi hilo hunyamazishwa na rangi hupata nafasi.

Kiunzi kinapotekwa

Maadamu kiunzi hakichagui chenyewe, anayefaulu kumweka mtambuzi wake juu yake atafaulu pia kuelekeza hukumu. Virusi vya UKIMWI hufanya hivyo. Seli zetu zina protini ya kinga iitwayo APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya jeni za virusi hivyo vinapojinakili. Ilitambuliwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba virusi huwa na protini yao, Vif, inayojibandika kwenye kulini 5 ya mgonjwa mwenyewe na kuileta APOBEC3G hapo itiwe alama. Mlinzi anaharibiwa na mahakama ya nyumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo hili linagusa Kericho kwa karibu. Mwaka 2003 ulianza huko utafiti ulioshirikisha watu wazima wapatao 2,800 waliokuwa wakiishi katika mashamba makubwa ya majani chai, ili kupima kiwango cha maambukizi na kuandaa msingi wa majaribio ya chanjo. Maadili ya utafiti hudai kwamba mshiriki aridhie kwa hiari baada ya kuelewa. Mtu hawezi kuridhia jambo ambalo halina maneno katika lugha anayoielewa. Atatia sahihi tu.

Ufahamu huohuo humlinda mtu dhidi ya ahadi za soko. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kemikali moja iliyomo kwa wingi katika chai ya kijani, EGCG, huweza kuizuia protiasomu katika seli za maabara. Si ajabu basi kumsikia mchuuzi akidai kwamba chai hutibu saratani. Lakini seli iliyo katika kibakuli si mgonjwa. Isitoshe, mwaka 2009 ilibainika, kwa seli na panya, kwamba EGCG hiyohiyo hujishika na dawa ya saratani iitwayo bortezomibu, ambayo nayo huzuia protiasomu, ikaifanya isifanye kazi. Mgonjwa anayetumia dawa hiyo na kumeza dondoo za chai bila kumwuliza daktari anaweza kuidhuru tiba yake. Tofauti kati ya "huzuia protiasomu" na "hutibu saratani" ni tofauti ya maneno mawili matatu, na wenye taaluma ya maneno ni sisi.

Suala la istilahi

Je, kwa nini "protini-kiunzi" na si "protini-jukwaa"? Jukwaa ni mahali pa kusimama. Linadokeza kwamba wanaosimama juu yake wako huru kusogea. Tumekwisha kuona kwamba kulini hushikilia sehemu zake kwa nafasi maalumu, na kwamba ukakamavu wake ni wa lazima. Kiunzi, kinachotokana na kitenzi "unda", hubeba dhana hiyo ya umbo linaloamua nafasi ya kila sehemu. Kwa majina ya kemikali kama ubikwitini, kulini na protiasomu, tumeonelea utohozi unafaa, kwa kuwa ni majina ya vitu mahususi vinavyotajwa hivyo duniani kote. Kwa majina ya kazi, kama vile mtambuzi, mbeba alama na kiungo, hapakuwa na haja ya kukopa. Ngeli ya A-WA imeyapa mawili ya kwanza uhai unaosaidia kuelewa.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi muhimu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa yaliyoelezwa hapa ilipatikana baada ya mwaka huo. Kamusi haiwezi kuingiza istilahi ambazo hakuna aliyezitumia katika sentensi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ni kiunzi tu: isipopata watambuzi wa kuketi juu yake, haitatenda lolote.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua jinsi seli inavyotia protini alama ya uharibifu, na jinsi kulini zinavyoshikilia sehemu za kazi hiyo bila zenyewe kutoa hukumu. Tumeona kiunzi hicho kikiongoza uchipuaji wa mchai, kikitekwa na virusi, na kikitupa sababu ya kuzitilia shaka ahadi za wachuuzi. Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa isimu na fasihi washirikiane na wenzao wa sayansi ya viumbe kuandaa maelezo ya aina hii, kisha wayapeleke kwanza kwa wale yanaowahusu: mkulima wa Mogogosiek, mchumaji wa Kericho, na mgonjwa anayesubiri zamu yake kliniki. Wakiuliza maswali, tutajua kwamba istilahi zetu zimeeleweka.