Samaki wa mawe: kila kando na rangi yake

Kutoka Uvira mpaka Moliro, kandokando ya ziwa Tanganyika, kuna samaki mdogo wa mawe. Wataalamu wanamwita Tropheus. Upande wa Uvira na Fizi wengi ni weusi wenye mkanda wa manjano ao wa rangi ya machungwa. Kule Moliro, karibu na Zambia, ni wekundu. Ukoo ni mumoja, sababu gani rangi mbalimbali? Samaki huyu haachi mawe: mchanga mrefu na kina vinamzuia, kila ukoo unabaki kwake.

Kuoana nako kuna desturi. Jike anahamia kwanza kwa dume, anakula juu ya mawe yake siku mingi, dume anamulinda. Akisha kutaga, anabeba mayai kinywani karibu mwezi mzima, na hata 20 hayafiki.

Njo maana tunawaomba wenye kuwafuga ndani ya vioo, Ulaya ao kwetu: musichanganye rangi. Jike akikosa wa kwao, atakubali mgeni, na watoto wao hawatakuwa tena na kando yao ziwani. Na wavuvi wakimaliza wa mawe fulani, majirani hawatavuka mchanga kujaza nafasi.