Utambuzi wa hitilafu za VVT-i

VVT-i ni mfumo wa injini za Toyota unaobadilisha wakati wa kufunguka na kufunga kwa vali kulingana na mwendo na mzigo wa injini. Ulianza kutumika mwaka 1995. Nchini Tanzania unapatikana katika magari mengi yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, kama vile Toyota IST na Vitz.

Mfumo huendeshwa na presha ya oili ya injini. Kompyuta ya gari hupeleka umeme kwenye solenoidi, nayo huruhusu oili kuingia kwenye gia iliyo mwisho wa kamshafti na kuisogeza mbele au nyuma kwa nyuzi kadhaa.

Kamshafti ikikwama mbele, vali huwahi kufunguka. Injini hutetemeka, au huzimika gari likisimama. Ikikwama nyuma, injini huunguruma kwa utulivu lakini hukosa nguvu mlimani. Hitilafu hii ya pili inaweza kujificha katika barabara za Moshi mjini, ikaonekana gari linapopanda kutoka Kiboriloni kuelekea Kidia, Old Moshi. Hata hivyo uvivu mlimani peke yake si ushahidi: injini nzima isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi.

Taa ya injini ikiwaka, fundi husoma msimbo kwa mashine. P0010 huhusu umeme wa solenoidi, P0011 kamshafti kuwahi, P0012 kuchelewa, na P0016 kutolingana kwa kamshafti na krankishafti. Baadhi ya Toyota za zamani hutoa P1349. Isipokuwa P0010, misimbo hii hueleza mahali kamshafti ilipo, si kifaa kilichoharibika. Hapo ndipo fedha hupotea: solenoidi mpya hununuliwa, kumbe oili imepungua, imechafuka au ni nzito mno.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na kijiti cha kupimia oili, ambacho hakigharimu kitu. Oili nzito kuliko ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari hupita kwa shida katika njia nyembamba za mfumo, hasa asubuhi ya baridi. Baadaye solenoidi hupimwa kwa mita. Katika injini ya 1NZ-FE ukinzani wake ni omu 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzijoto 20. Kisha, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, solenoidi hupewa umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mfupi. Injini ikitetemeka au kuzimika, solenoidi inafanya kazi na oili inafika. Isipobadilika, solenoidi imekwama au kichujio chake kidogo cha wavu kimeziba. Mara nyingi kukisafisha kunatosha.

P0016 ikiendelea baada ya hayo, cheni ya taimingi hukaguliwa kama imelegea. Mlio wa kugongagonga sekunde chache baada ya kuwasha gari asubuhi huashiria gia ya kamshafti iliyochakaa. Gari lenye dalili hizo halifai kuendelea kutumika kabla ya ukaguzi, kwani cheni ikiruka meno vali zinaweza kugongana na pistoni.