Nairobi Hadi New York: Mbona Kwenda ni Saa 15 na Kurudi ni 14?

Kila mbogi iko na msee mmoja ameshinda green card ama amepata chuo majuu. Akishapata viza, swali ni moja: kwani huko ni mbali aje?

Iko hivi. Kutoka JKIA hadi JFK ni kama kilomita 11,850 angani. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu 480. Yaani ni kama kupiga safari ya Mombasa mara 25 hivi bila kushuka Mtito Andei.

Kenya Airways ilianza kuenda direct tarehe 28 Oktoba 2018 na Boeing 787 Dreamliner. Mbeleni haingewezekana, juu Wamarekani walipitisha usalama wa anga wa Kenya Februari 2017.

Sasa chukua ramani ya ukutani uvute laini na rula. Itapita Nigeria, alafu iingie Atlantic. Lakini dunia ni mviringo, si karatasi. Njia fupi kabisa inapinda juu: Chad, Algeria, Morocco, ndio uvuke bahari. Rubani naye hafuati hiyo laini sawasawa. Kuna hali ya hewa, na kuna anga zimefungwa, kama ya Sudan vita vilipoanza Aprili 2023.

Na hiyo saa moja ya tofauti? Ni upepo. Huko juu kuna upepo mkali unatoka magharibi ukienda mashariki. Ukienda New York mnagongana nao uso kwa uso. Ukirudi home unakusukuma.

Saa nazo zitakuchanganya. Toka Nairobi saa tano usiku, ruka saa 15. Ukitua, huku ni saa nane mchana, lakini New York wakati wa baridi ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwili utadai lunch na wenyeji ndio wanaamka.

Sasa doh. Tiketi ya kubadilisha ndege inaweza kuwa bei ya chini, lakini cheki unapitia wapi. Kupitia London jumla ni kama kilomita 12,400, haujapotea sana. Kupitia Doha ni kama 14,100, juu unaanza kwa kuenda kaskazini mashariki na unaelekea magharibi. Ongeza masaa ya kungoja airport.

Kabla ulipe, uliza kama nchi unapitia inadai viza ya transit. Wasee hurudishwa kwa kaunta na tiketi wameshalipa.

Na kama ni mathe anaenda kuona wajukuu mara ya kwanza, direct inaweza kuwa worth it hata ikizidi bei: hakuna kupotea kwa terminal ya wenyewe. Mwambie tu asikae saa 15 bila kusimama. Atembee kwa ndege, anyooshe miguu, akunywe maji, ndio damu isigande.