Uvimbe wa Titi Usiopona: Pima Kabla ya Kununua Dawa

Uvimbe wa titi unaotoa usaha na kurudi baada ya kumaliza dozi ya antibiotiki usitibiwe kwa dozi nyingine ya dukani. Huenda ni uvimbe sugu usiosababishwa na vimelea, kifua kikuu cha titi au saratani. Kwa macho magonjwa haya hufanana. Mkazi wa Kyela, Ipinda au Matema afike hospitali mapema ili aelekezwe mahali pa kuchukuliwa kinyama kwa sindano na kupimwa maabara. Prednisoloni hutuliza uvimbe usio na vimelea, lakini huweza kukizidisha kifua kikuu. Usiinunue bila cheti cha daktari. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa miezi 6 au zaidi.