Watu Sita wa Birmingham

Kabla ya hukumu, mshtakiwa hana haja ya kuthibitisha chochote. Mzigo wote uko kwa upande wa mashtaka. Akishatiwa hatiani, mzigo unamhamia yeye. Sasa ndiye wa kutafuta ushahidi, yuko gerezani, hana fedha, mara nyingi hana hata wakili. Wanaume sita wazaliwa wa Ireland Kaskazini walioishi Birmingham, Uingereza, waliubeba mzigo huo kwa miaka 16.

Usiku wa 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za jiji hilo na kuua watu 21. Jioni hiyohiyo watano kati ya hao sita walikuwa wamepanda treni kwenda bandari ya Heysham, ili wavuke hadi Belfast kwenye mazishi ya mtu waliyemfahamu, mwanachama wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza huko Ireland Kaskazini, aliyeuawa na bomu alilokuwa akilitega mwenyewe. Polisi wakawakamata bandarini. Wa sita alikamatwa Birmingham kesho yake. Mikono ya wale watano ilipimwa kutafuta nitrogliserini, na mtaalamu wa serikali akadai ana uhakika wa asilimia 99 kwamba wawili walikuwa wameshika baruti. Kumbe ndani ya treni walikuwa wakicheza karata, na dawa inayopakwa karata ili zing'ae inaweza kutoa jibu lilelile. Wanne walisaini maungamo, wakaja kueleza mahakamani kwamba walipigwa hadi wakasaini. Agosti 1975 wote sita wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Wengi wetu hatuamini kwamba mtu anaweza kukiri kuua ilhali hakuua. Lakini mtu aliyenyimwa usingizi, aliyepigwa, aliyetishiwa kwamba mkewe na watoto watadhurika, hafikirii miaka ishirini ijayo. Anataka usiku huu uishe, na anajipa moyo kwamba hakimu atauona ukweli. Ungamo likishapatikana, kila kitu kingine kinaegemea hapo: mtaalamu anaona alichotarajia kuona, mpelelezi anaacha kutafuta mtu mwingine, na kasoro za ushahidi zinaonekana mambo madogo. Ndiyo maana naliogopa ungamo kuliko ushahidi mwingine wowote.

Wafungwa wale sita wakawashtaki polisi kwa kuwapiga. Mwaka 1980 Jaji Denning akaizuia kesi. Alisema kwamba wakishinda, itamaanisha polisi walitesa watu na kusema uongo chini ya kiapo, na hukumu zile zilikuwa makosa. Jambo hilo likawa baya mno machoni pake kiasi kwamba kesi isiendelee. Yaani ukubwa wa dhuluma ndio uliokuwa sababu ya kutoichunguza.

Waandishi wa habari ndio waliokataa kunyamaza. Kipindi cha televisheni kiliurudia ule upimaji wa mikono mwaka 1985, na mwaka uliofuata mwandishi Chris Mullin akatoa kitabu kuhusu kesi hiyo. Hata hivyo, Januari 1988 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao. Uchunguzi uliofuata wa alama za kalamu kwenye karatasi za polisi ndio uliobaini kwamba maelezo ya mahojiano hayakuandikwa namna polisi walivyoapa. Waliachiwa 14 Machi 1991. Waliolipua baa zile hawajahukumiwa hadi leo.

Kutokana na kesi hiyo na nyingine za wakati ule, Uingereza iliunda tume huru iliyoanza kazi 1997, yenye uwezo wa kudai nyaraka na kuirudisha kesi mahakamani hata baada ya rufaa kuisha.

Mifumo ya mahakama zetu ilitoka hukohuko. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu mfungwa aliyemaliza rufaa kuomba Mahakama Kuu isikilize kesi upya iwapo umepatikana ushahidi mpya na mzito. Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani inaweza kupitia uamuzi wake kwa sababu tano tu zilizotajwa katika kanuni zake za 2009, na ushahidi mpya si mojawapo. Kwa wengi kinachobaki ni msamaha wa Rais, unaomtoa mtu gerezani bila kutamka kwamba hakutenda kosa. Bunge linaweza kuliziba pengo hilo kwa kutunga kifungu kama cha Kenya, nasi tuwaulize wabunge wetu wanasubiri nini.